Sauti Niliyoichukua kwa Nafula

Nikisikia harufu ya kalamu ya felti, ile nene ya kuandikia karatasi ya manila, huwa nakasirika kabla hata sijakumbuka sababu. Ni harufu kali inayopanda puani, na kwangu mimi ni harufu ya darasa la sita katika shule moja ya msingi karibu na mtaa wa Satellite, Nairobi, mwaka wa pili tangu serikali ifute karo. Tulikaa watatu watatu kwenye dawati la watu wawili, sweta zetu zimelowa mvua ya Machi, na ukutani mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa amebandika karatasi ya manjano yenye safu mbili. Safu moja ilikuwa ya wahusika wa hadithi na ya pili ilikuwa ya maana zao. Sungura, ujanja. Fisi, ulafi. Kobe, subira. Zimwi, hatari. Chini kabisa, kwa herufi zilizobanwa kwa sababu karatasi ilikuwa inaisha, aliandika: mama wa kambo, roho mbaya. Tuliikariri kila asubuhi kama tunavyokariri jedwali la kuzidisha, na hakuna aliyeuliza swali, kwa maana hata jedwali la kuzidisha haliulizwi maswali.

Sisemi mwalimu yule alikuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye bidii, alivaa tai kila siku, na alitueleza vizuri sana kwamba hadithi ni njia ya watu kujisema bila kujitaja. Msimulizi akitaka kumsema mlafi wa mtaani kwake, humvisha ngozi ya fisi, watu wakacheka, na mlafi akarudi nyumbani akijua amesemwa. Hilo nalikubali mpaka leo. Kinachonikera ni kwamba fisi halipi nauli kuja ukumbini kukusikiliza. Zimwi halina jiko la mafuta taa, halikuamshi asubuhi uoge, halikupaki mafuta ya mgando miguuni. Katika orodha ile nzima, mhusika mmoja tu ndiye aliyekuwa binadamu mwenye anwani. Wa kwetu aliishi nyumba ya mawe yenye geti la buluu, na jina lake lilikuwa Nafula.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka minne. Baba, ambaye alikuwa karani katika ofisi moja mjini, alikaa nami miaka mitano akisaidiwa na dada yake mkubwa, niliyemwita Tata, kama tunavyowaita shangazi kwetu. Kisha akamleta Nafula. Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye mwanya, fundi wa nguo aliyekuwa na cherehani katika duka la mtu kule Kawangware. Kabla ya kusema jambo lolote la maana alikuwa akipangusa viganja vyake mapajani, mara mbili, hata kama havikuwa na maji. Halafu angesema, "Sasa wewe," akivuta ile e ya mwisho mpaka unajua unalo la kujibu. Alinipikia mboga ya mrenda iliyochanganywa na kunde, na Jumamosi akajifunza kuponda mukimo, viazi na mahindi ya kwetu, ili Tata asikose la kula akija. Tata alikuja, akaula, akasema una maji.

Ploti tuliyoishi ilikuwa ya babu. Mbele ilikuwa nyumba yetu, nyuma vyumba vya mabati vya wapangaji, na Tata aliilinda kama askari wa benki. Hakuwahi kumkataa Nafula waziwazi. Alichofanya ni kukataa kumpa jina. Kwetu mwanamke akishaolewa huitwa kwa mtoto wa nyumba, lakini Tata alihakikisha hakuna mpangaji anayethubutu kumwita Mama Nyambura, kwa jina langu. Mimi mwenyewe nilielekezwa nimwite Anti. Sababu aliyoitoa ilikuwa moja: hatujaenda kwao. Na kweli hatukuwa tumeenda. Mpaka wazee wa upande wetu wasafiri, wakaketi na wazee wa upande wake, wakala, wakaongea, huyo mwanamke ni mgeni tu aliyekawia kuondoka.

Lakini mwaka ule siku ilikuwa imepangwa. Likizo ya Aprili, Jumamosi kabla ya Pasaka, tungekwenda Bungoma. Baba alikuwa amewaomba ndugu zake wawili, nao wamekubali, na gari la kukodi limeongelewa. Nafula alifurahi mpaka ikawa haiwezekani kukaa naye jikoni bila kuambiwa habari za kwao. Mama yake alikuwa ametenga kuku sita, majogoo matatu na matetea matatu, wanalishwa mahindi peke yao, na jirani yeyote aliyeomba mmoja alifukuzwa. Baba yake alikuwa amepaka nyumba chokaa. Mimi niliahidiwa firigisi, heshima ambayo kwao haipewi mtoto wa kike hivi hivi, na nikaulizwa kama nitaweza kuila mbele ya watu bila kuona haya.

Februari hiyo mwalimu alinichagua nisimulie hadithi katika tamasha za maigizo. Hadithi aliandika mwenyewe, na hamna haja ya kuambiwa inahusu nini. Yatima anaishi na mama wa kambo. Mama wa kambo anampa sufuria iliyojaa masizi ya kuni, anamwamuru aisugue mtoni mpaka iwe nyeupe kama maziwa, la sivyo asirudi. Mtoto anasugua mpaka vidole vinatoka damu. Chura anamhurumia, anaisafisha kwa ulimi wake. Mama wa kambo anachungulia ndani aone kama kweli imetakata, anatumbukia, anageuka masizi. Funzo: roho mbaya humrudia mwenyewe.

Nilikuwa mzuri katika nafasi ya yatima. Kulia nilijua. Kilichonishinda ni mama wa kambo. Nikimwigiza, darasa lilicheka, kwa sababu nilikuwa nikipaza sauti tu kama kondakta. Basi Nafula ndiye aliyenifundisha. Jioni, akikaanga vitunguu, alichukua kijiko cha mbao, akasimama katikati ya jikoni, akapangusa viganja mapajani mara mbili. "Sasa wewe," akaniambia, taratibu, karibu kwa upole, "hii sufuria nimekupa jana ama leo?" Nikarudi nyuma hatua moja. Akacheka, akanieleza kwamba mtu mkali hapigi kelele, mtu mkali ana wakati. Nikarudia. Akanirekebisha bega. Nikarudia tena, tukacheka mpaka vitunguu vikaungua, na Baba, sebuleni, akashusha gazeti akacheka pia. Naomba hili la Baba kucheka likumbukwe, maana yeye mwenyewe alikuja kulisahau.

Siku moja Nafula aliacha kucheka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua kunde, akauliza, "Na huyu mama, kwani hakuna mtu anamuuliza yeye ana shida gani? Ametoka wapi? Nani alimleta hapo?" Nikamwambia hadithi haisemi. Akafikiri, akasema mwisho wake ungeweza kuwa mwingine: mama mwenyewe ashuke mtoni amtafute mtoto, akute vidole vile, aketi, achukue mchanga, wasugue pamoja. Nikaupenda. Nikauandika kwenye daftari nikampelekea mwalimu. Aliusoma akiwa amesimama, akaupiga mstari kwa kalamu nyekundu, akaniambia waamuzi hawataki kuchanganywa, wanataka funzo. Nilipomweleza Nafula, aliinua mabega tu. Kisha akakata rinda lake la buluu la kwenda kanisani, lile la mikono mirefu, akanishonea gauni la matambara la yatima, na akalipaka masizi ya kweli kutoka chini ya sufuria zetu ili lionekane kutoka nyuma ya ukumbi.

Tulipita mashindano ya zoni, tukapita ya wilaya, na mwisho wa Machi tukafika ukumbi mmoja mkubwa katikati ya jiji. Nakumbuka ngazi za saruji zilizong'arishwa mpaka zikateleza, harufu ya viatu vilivyoloa, na watoto wa shule za kulipiwa waliokuja na blanketi za kukalia. Familia yangu ilikuwa safu ya nne. Baba aliomba ruhusa kazini. Tata alivaa kofia. Nafula alikaa pembeni kabisa, kiti kimoja kikiwa wazi kati yake na Tata, na juu ya kiti hicho akawa ameweka chupa ya chai na mandazi aliyotuletea sote.

Nilipofika kwa mama wa kambo nilipangusa viganja mapajani mara mbili. Nikavuta ile e. Lafudhi ilitoka vilevile ilivyokuwa imeingia masikioni mwangu, ya Bungoma kabisa, pamoja na bega, pamoja na kile kijiko hewani. Sikuwa na nia yoyote mbaya. Sikujua namna nyingine ya kumfanya, kwa sababu nilifundishwa moja tu. Kisha nikamwona Tata akigeuka polepole, si kunitazama mimi, kumtazama Nafula. Nafula alikuwa akitabasamu. Alikuwa akitamka maneno pamoja nami, kimyakimya, kama mtu anayemshika mkono mtoto avuke barabara.

Tulikuwa wa pili. Waamuzi waliandika kwenye karatasi yao kwamba mhusika wa mama wa kambo aliaminika kabisa, kana kwamba msimulizi anamfahamu. Mwalimu alituletea nakala, na Tata akaiomba akaisome nyumbani. Cheti alikitundika yeye mwenyewe ukutani kwetu, kwenye msumari ambao Baba alikuwa ameugongelea picha yake na Nafula.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walikuja: Tata, na wale ndugu wawili wa Baba waliokuwa wasafiri nasi. Walipewa chai. Nikaitwa sebuleni, nikasimamishwa kando ya meza. Tata hakunikaripia. Alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayemuuguza mgonjwa.

"Nyambura, ile sauti uliitoa wapi?"

"Kwa Anti," nikasema.

Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo jibu la pekee nililowahi kutoa maishani ambalo ningelipa kulirudisha. Amu mmoja, katika wale ndugu wa Baba, akaguna. Nafula alikuwa mlangoni na sinia. Alipangusa kiganja kimoja, cha pili kikiwa kimeshika sinia, akasema alikuwa ananifundisha, ilikuwa ni mchezo wa shule. Tata akamuuliza tangu lini yeye ni mwalimu. Akasema mtoto hawezi kuiga kitu asichokiona kila siku. Akauliza lile gauni la matambara lilitoka wapi, na Nafula, ambaye hakujua kudanganya, akajibu kwamba alilishona yeye. Basi ikawa ushahidi. Akauliza masizi yale yalitoka sufuria gani. Sufuria zetu. Ushahidi tena. Hadithi ya kutungwa na kijana mwenye tai, iliyochapwa kwa stensili, iligeuka kesi, na kila kitu alichonifanyia Nafula kwa mapenzi kikawa kithibitisho cha ukatili.

Nikageuka kumtazama Baba. Alikuwa amesikia yote ya jikoni. Alikuwa amecheka. Alihitaji kusema maneno matatu tu. Alitazama ndani ya kikombe chake kama mama wa kambo anavyotazama ndani ya sufuria, ila yeye hakutumbukia. Mpaka anazeeka sasa hivi sijamsamehe kile kikombe, na sijui kama nataka.

Na mimi je? Nilikuwa na miaka kumi na moja, nina mdomo. Ningeweza kusema kwamba hajawahi kuniinulia mkono. Tata aliponiambia, "Imetosha, mtoto wangu, nenda ucheze," nilijua kwamba haijatosha, na nikaenda. Niseme ukweli wangu bila kuupamba: wiki ile nilikuwa nahurumiwa. Wapangaji walinishika kichwa wakipita. Amu aliniletea biskuti. Mwanamke wa duka aliniambia Mungu anaona. Nilikuwa yatima wa kweli kwa mara ya kwanza, kama yule wa hadithi, na nililipenda joto lile. Hasira yangu ikishamaliza kumzunguka Tata na Baba na mwalimu na waamuzi, hurudi hapo ikaketi.

Safari ya Bungoma ilifutwa. Nafula aliondoka siku ya Jumanne nikiwa darasani tunakariri sungura, ujanja. Nilikuta sare yangu imepigwa pasi, na gauni la matambara limefuliwa, limekunjwa, limewekwa juu ya kitanda changu. Masizi yote alikuwa ameyatoa. Sikuuliza amekwenda wapi, na hakuna aliyenieleza.

Siku hizi kazi yangu ni kuhariri vitabu vya watoto katika ofisi moja kule Hurlingham, kwa hiyo nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya ya mtu. Nimeisoma kutoka nchi za theluji, ambako anamtuma mtoto msituni bila koti. Nimeisoma kutoka Mashariki ya mbali, ambako anamnyima samaki. Waswahili wa pwani wanayo, Waluhya wanayo, Wagikuyu tunayo na tunaipenda sana. Mataifa yaliyoshindwa kukubaliana juu ya mipaka, chakula na jina la Mungu, yamekubaliana vizuri kabisa juu ya mwanamke huyu. Wasomi wanasema ni mfano tu, ni hofu ya mtoto kuachwa iliyovishwa gauni, kwamba hamaanishwi mtu yeyote. Wanasema pia msimulizi anamhitaji ili asimseme mama mzazi, na wengine kwamba anatumika kumficha baba, ambaye katika hadithi hizi zote huwa hayupo, amesafiri, amelala, anasoma gazeti. Hili la mwisho naliamini. Lakini mfano ukiwa na sura ya mtu aliye hai, wapo watu ambao hawangoji ufafanuzi wa wasomi. Wanashika kofia zao wanakuja kunywa chai.

Mwaka jana nilikwenda darasani kwa binti yangu nikaikuta karatasi ile. Sasa inachapwa kwa rangi, imefunikwa plastiki, ina picha. Mama wa kambo amechorwa akiwa na kucha ndefu. Nikamwita mwalimu pembeni, mama mpole, nikamuuliza katika watoto wake arobaini ni wangapi wanaolelewa na mwanamke asiyewazaa. Alisema hajawahi kufikiria hivyo. Sikupiga kelele. Nilikuwa na wakati.

Ndipo nilipomtafuta Nafula. Mmoja wa wapangaji wetu wa zamani alikuwa na namba yake. Anafanya kazi katika nyumba moja Loresho, amekaa huko tangu mwaka ule ule, amelea watoto wawili wa wenye nyumba mpaka mmoja yuko chuo kikuu. Alinipokea jikoni. Mwanya bado upo, nywele zimekuwa nyeupe. Yule kijana mdogo aliingia kuchukua juisi, akamwita Mama bila hata kufikiria, akatoka. Hakuna aliyekutana na wazee wa mtu yeyote ili mtoto yule apate ruhusa ya kusema neno hilo.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia kwamba niliulizwa nikajibu nusu, na kwamba nusu ile nyingine nimekuwa nayo kooni miaka yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapangusa viganja mapajani, mara mbili.

"Sasa wewe," akasema, "ulikuwa mtoto. Wewe sina neno na wewe. Babako ndiye alikuwa mtu mzima." Akamimina chai, akasukuma sukari upande wangu. "Mimi kwanza nilirudi Kawangware kwa cherehani. Nyumbani sikuenda, nilishikwa na aibu. Na simu hawakuwa nayo. Sasa mama akakaa na hao kuku wenu. Pasaka ikapita, akawaweka. Mpaka Agosti, anawalisha mahindi, anakataza mtu asiwaguse. Alikuwa anaambia watu labda ni mvua, barabara imeharibika."

Nikamuuliza kama mama yake yupo. Akasema alifariki zamani, na kwamba siku hizi barabara ina lami mpaka sokoni kwao, mtu akitoka Nairobi asubuhi anafika mchana.